Kusini Iko Juu

Jumatatu, 16 Juni

Siku mbaya! Matokeo ya mtihani wa majaribio yametoka na darasa langu la nne limekuwa kichekesho cha mji mzima wa Koboko. Swali lilikuwa jepesi. Sudani Kusini iko upande gani wa Koboko? Jibu ni kaskazini. Hata mbuzi wa sokoni anajua, maana kila siku anapisha malori yanayopanda kwenda mpakani Oraba. Darasa zima limeandika kusini. Zima! Hata wale wanaokaa pembe tofauti na hawawezi kuchunguliana.

Madam Sadiya, mwalimu wetu mkuu, akaitisha kikao. Akasema kosa si la watoto, ni la mtaala. Nilimpenda sana kwa muda mfupi. Akasema mtaala wa taifa tunao, lakini shule binafsi kama yetu inaweza kuongeza mpango wake wa jiografia kwa watoto wadogo, na Ijumaa ya wiki ijayo tutachagua ulio mzuri. Mwalimu Eyotaru, aliyemaliza chuo juzi na bado anapiga pasi hadi soksi, akainua mkono kabla sentensi haijaisha. Anao tayari! Unaanza na mlango wa nyumba ya mtoto, unakwenda kisimani, sokoni, mpakani, ndipo unafika duniani. Mimi nikasema wa zamani hauna ubaya. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Halafu Madam Sadiya akaongeza jambo dogo. Mtaala wowote tutakaochagua utakuja na ramani zake, kwa hiyo kuta zote zitasafishwa. Chai ikanipalia.

Kwenye ukuta wa darasa la nne kuna ramani ya Kiden, mke wangu. Ndiye aliyefundisha darasa hilo kabla yangu, jiografia na Kiswahili. Aliichora mwenyewe juu ya magunia mawili ya sukari aliyoyafumua na kuyashona pamoja. Katikati Koboko. Kushoto Kongo. Chini Arua, na Ayivu pembeni yake. Na juu kabisa, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama viatu vyangu: KUSINI. Alikuwa na maana ya Sudani Kusini, nchi aliyozaliwa, upande wa Yei. Nilimwambia siku ile aandike jina lote. Akacheka. Akasema nani hapa Koboko asiyejua ni Kusini gani.

Na ni kweli. Hapa ukisema shangazi amekwenda Kusini, hakuna anayegeuza shingo kutazama njia ya Arua. Watoto wamesoma ramani kama ilivyoandikwa. Kosa liko wapi? Kiden alifariki mwaka jana, katika mvua kama hizi. Ramani haitoki ukutani. Nimekwisha kuamua.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata mpango. Kichwa hiki bado kinafanya kazi.

Draku, muuza vitabu wa Arua, ametuletea karatasi za matangazo. Mtaala wake unaanza na jua. Darasa la nne ni sayari tupu. Mabara yanakuja darasa la tano, Afrika la sita, na Koboko labda la saba, muda ukiruhusu. Walimu wote walicheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikasoma mstari wa mwisho kabisa. Vifaa vya kufundishia ni mipira ya sayari ya kuning'iniza juu. Juu! Kwenye kenchi za paa! Hakuna ramani hata moja. Ukuta unabaki kama ulivyo.

Tangu saa ya chai mimi ni mtu wa sayari. Nilimwambia Eyotaru kwamba mtoto asiyeijua Zohali hawezi kuaminiwa hata kutumwa chumvi. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Wivu.

Mchana nilimkuta Keji tena juu ya benchi, mbele ya ramani. Ni mtoto mdogo wa darasani kwangu, wa kutoka Kusini. Mama yake alivuka Oraba kwenda kuangalia shamba lao Yei, akamwacha kwa nyanya yake hapa mjini, na simu yake haipatikani. Kila siku Keji anaweka kidole kwenye herufi K ya KUSINI, anakaa nacho hapo kidogo, kisha anakwenda kula. Nilimwambia atachafua ramani. Hakuondoa kidole. Sikumwambia tena.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda Arua kumwona Draku. Niliomba ruhusa kwa ajili ya maendeleo ya shule. Madam Sadiya akasema niende, na nipumzike pia. Kila mtu siku hizi ananiambia nipumzike. Mimi nimechoka wapi?

Njia ya Arua inapita Ayivu. Kiden amezikwa pale, kwenye uwanja wa baba yangu, kando ya mihogo. Alitaka kulala kwao Yei, lakini wakati ule barabara ilikuwa haipitiki, na maiti haisubiri barabara. Tangu mazishi sijashuka pale. Gari lilipofika karibu niliinama nikafunga kamba za viatu mpaka tukapita. Viatu vyangu havina kamba.

Duka la Draku liko chini ya Arua Hill, giza na vumbi. Akanitolea sanduku la sayari kwa heshima kubwa. Nikazihesabu. Dunia haipo! Zohali ipo na pete yake, Mshtarii upo, Dunia hakuna. Draku akaapa kwamba ilikuwemo. Kisha akasema watoto wake hucheza. Kisha akasema Dunia ni ndogo tu, na hakuna shule iliyowahi kulalamika. Nikalichukua sanduku hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mtaala mwingine duniani unaoniachia ukuta.

Nilipokuwa nasubiri gari la kurudi nilinunua ndimu. Ukubwa unafaa kabisa. Nimechora bahari kwa kalamu ya buluu. Afrika imetokea kama sikio la ng'ombe, lakini nani atachunguza?

Wakati wa kurudi nikafunga tena kamba.

Ijumaa, 20 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Leo kila mmoja alionyesha mtaala wake mbele ya Madam Sadiya na wazazi wa kamati, darasani kwangu. Nilianza mimi. Sayari zote zilikuwa zinaning'inia kwenye kenchi kwa uzi wa kushonea. Wazazi walivutiwa, niliona. Nikasema maneno mazuri kuhusu mbingu. Nikafika kwenye Dunia, nikaizungusha kidogo kwa kidole, na Dunia ikakatika ikatumbukia kwenye kikombe cha chai cha Madam Sadiya. Akajifuta uso polepole. Akasema ahsante, ila yeye hunywa ya maziwa.

Watoto walicheka mpaka benchi moja likapinduka. Keji peke yake hakucheka. Alikwenda akaitoa ndimu kwenye kikombe, akaigeuza huku na huku, akauliza: “Mwalimu, sasa Yei iko wapi kwa hii ndimu?” Nikasema haionekani kwa macho. Akauliza na Koboko je. Nikasema nayo haionekani. Akairudisha kikombeni.

Ikaja zamu ya Eyotaru. Hakuwa na kitu mkononi, hata karatasi. Aliwatoa watoto nje, akawapanga uwanjani, akasema kabla ya kusoma kitu chochote kila mtu ageuke atazame Kusini. Basi. Watoto wote wakageuka kama mtu mmoja, wakatazama njia ya Oraba. Kaskazini kabisa. Wazazi wakaguna. Kisha nikaona wazazi wananitazama mimi, na ndipo nikagundua kwamba na mimi nimegeuka pamoja na watoto.

Keji akapunga mkono. Eyotaru akamuuliza anampungia nani. “Mama yangu iko Kusini,” akasema, kama mtu anayeambiwa ajieleze jambo lililo wazi. Eyotaru alikuwa ameandaa maneno mengi, najua, na yote yalimwishia.

Madam Sadiya akauliza nani aliwafundisha kwamba Kusini iko kule. Watoto hawakusema jina la mtu. Walinyoosha vidole kupitia dirishani, kwenye ramani. Akaingia ndani, akasimama mbele yake kwa muda mrefu. Mkono wa Kiden anaujua. Alipotoka sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema Jumatatu tuitoe taratibu, tuikunje vizuri, nikae nayo nyumbani.

Taratibu! Vizuri! Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeiba ramani. Hapana. Nimeiazima. Mali ya mke wangu haiwezi kuibwa na mimi.

Nilikwenda shuleni asubuhi, nikapanda meza, nikang'oa misumari kwa kijiko. Hesabu yangu ni nzuri sana. Ikiwa haipo, hawawezi kuitoa. Na wasipoitoa, haijatolewa. Nimeileta nyumbani chini ya koti la mvua na nimeitundika sebuleni. Ni pana kuliko ukuta. Kongo imekunjika na kuingia jikoni.

Nimekaa nayo mchana kutwa. Karibu na Ayivu kuna doa la mafuta. Lilitoka kwenye chapati aliyokuwa anakula akichora. Nilimwambia achague, ale au achore. Akasema mikono ni miwili. Nyumba hii ina kimya kingi mno tangu aondoke, na leo kilipungua kidogo.

Jumapili, 22 Juni

Nimetoka kanisani, sijavua hata koti, Eyotaru huyo mlangoni na bakuli la maharage. Nikavuta shuka kitandani nikaitupa juu ya ramani. Nilikuwa mwepesi kama kijana. Akakaa. Nikamwekea chai. Akasema ramani imepotea shuleni. Nikashangaa kwa sauti. Nikasema mji umeharibika, wezi hawachagui. Akasema alikwenda darasani jana jioni kupanga vitabu, akamkuta Keji amesimama kwenye benchi, kidole kikiwa juu ya ukuta mtupu, kwenye alama ya msumari. Alikuwa analia bila sauti. Akamshika mkono, akamrudisha kwa nyanya yake.

Nilikunywa chai ingawa kikombe kilikuwa kitupu.

Basi shuka ikateleza. Polepole, kwa dharau, kuanzia upande wa Kongo. Eyotaru aliitazama KUSINI yote, herufi baada ya herufi, kisha akaendelea kunywa chai yake kama mtu aliyeona kalenda. Adabu hizi za vijana zinaumiza. Mwishoni akasema kwamba somo la kwanza la mtaala wake linataka ramani iliyochorwa na mtu wa mahali hapo, na hiyo haipatikani dukani kwa Draku. Akasema hii inafaa kuliko zote alizowahi kuona. Imekosa neno moja tu. Akasema anayo rangi nyekundu.

Nikasimama. Nikamwambia hakuna mtu atakayeandika kitu juu ya mkono wa Kiden. Nadhani nilipiga kelele. Akasema, “Sawa, Mzee, pole,” akaaga. Bakuli ameliacha. Sasa itabidi nilirudishe, na ndiyo mbinu yake.

Jumatatu, 23 Juni

Usiku kucha nilifikiri, na alfajiri jibu likaja lenyewe. Ni jepesi mno! Tatizo la ramani ni kwamba Kusini iko juu. Basi igeuzwe! Ikiwa miguu juu kichwa chini, KUSINI itakuwa chini, mahali ambapo wenye vitabu wanaitaka, na hakuna neno jipya litakaloandikwa. Jiografia imetosheka, Kiden hajaguswa. Niliwahi shuleni kabla ya kengele nikaigongomea hivyo.

Watoto waliingia, wakapinda shingo zote upande mmoja. Nikaanza somo kwa sauti ya mtu asiyeona kitu cha ajabu. Nikasema Arua sasa iko juu, Kongo iko kulia. Mtoto mmoja akauliza kama tutahamia Kongo. Nikamwambia akae.

Keji akapanda benchi lake. Alitafuta K kwa kidole, akaikuta chini karibu na sakafu, ikabidi ashuke na kupiga magoti. Akanitazama kutoka kule.

“Mwalimu, umegeuza ramani ya Madam Kiden,” akasema. “Sasa mama yangu iko chini?”

Hapa kwetu watu hawasemi mtu yuko chini hivi hivi. Ukisema yuko chini, unajua amelala wapi. Darasa zima lilijua.

Nikasema hapana. Nikasema mama yako hayuko chini, Keji. Mama yako yuko Yei, simu ndiyo mbovu. Wangu ndiye yuko chini. Sijui kwa nini nilisema hilo mbele ya watoto. Kisha nikageukia ubao, nikaandika tarehe ambayo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Nimelia mbele ya darasa la nne. Nilisema ni chaki.

Madam Sadiya alikuwa mlangoni. Hakusema nipumzike. Aliingia, akashika pembe moja ya ramani, Eyotaru akaja akashika nyingine, na tukaigeuza pamoja ikasimama kama Kiden alivyoitundika.

Ijumaa, 27 Juni

Kamati imechagua mtaala wa Eyotaru. Kura zote, hata yangu. Nimempigia kura kwa sababu ya bakuli. Sipendi kudaiwa.

Madam Sadiya amekubali ramani ibaki, kwa sharti moja. Jina la nchi likamilike, na mkono wa kulikamilisha uwe wangu. Nilikataa asubuhi. Nilikataa saa ya chai. Baada ya chakula Keji alikuja na kopo la rangi la Eyotaru akasimama tu mbele yangu, mpaka nikaona aibu.

Nafasi iliyokuwapo ilikuwa juu ya herufi zake. Nilipanda meza, nikainua brashi, nikashindwa kabisa kuandika juu ya Kiden. Nikashuka. Nikaandika chini yake, herufi ndogo, zimepinda kama mihogo: SUDANI. Kwa hiyo inasomeka KUSINI SUDANI. Mkaguzi akija atasema nini! Eyotaru akasema inatosha, kila mtu ataelewa.

Kisha akatutoa nje kwa somo la kwanza la mtaala mpya. Mkono wa kulia jua linakotoka, wa kushoto linakozama, mbele kaskazini, nyuma kusini. Akaeleza kwamba Kusini ni jina la nchi na kusini ni upande, vitu viwili, kama vile mtu anaweza kuitwa Peace na akawa mgomvi. Watoto wakacheka, wakaelewa. Ndani ya muda mfupi! Miaka yote hii! Akasema haya, sasa geukeni mtazame upande wa kusini. Wakageuka wote, Keji naye, wakatazama njia ya Arua.

Na mimi nikageuka. Na nikaona ni njia ya Ayivu.

Nimefundisha jiografia karibu nusu ya maisha yangu na sikuwahi kulitazama jambo hili. Ukisimama kwenye uwanja wa shule yetu, mihogo ya baba yangu iko kusini. Kiden yuko kusini. Upande wa kweli, wa dira. Na mimi nimekaa mwaka mzima nikitazama Oraba pamoja na watoto na kupigania kwamba kusini ni kule. Nilisimama mpaka kengele ikalia. Hapakuwa na kitu cha kufunga kwenye viatu.

Keji akaja akasimama kando yangu. Akaniuliza nani wangu iko huko. Nikamwambia. Akapunga mkono upande wa Ayivu, kwa adabu, kama mtu anayemsalimia mzazi wa mwenzake. Kisha akageuka nyuma akapungia na Yei.

Kesho nakwenda. Nitachukua jembe, nitapalilia kaburi, nitakaa naye na nitamwambia kuhusu ndimu. Atacheka. Mapigano yamekwisha. Ramani ipo, mtaala ni mzuri, na mimi si mtu wa vitimbi tena.

Jumamosi, 28 Juni

Niliamka mapema. Jembe begani, shati safi, bakuli la Eyotaru mkononi ili nilirudishe njiani.

Nilimkuta Eyotaru mlangoni kwake anapiga pasi. Akafurahi. Akasema Madam Sadiya ameridhika sana na jiografia, na muhula ujao tunachagua mtaala mpya wa sayansi, kuanzia darasa la tano.

Darasa la tano!

Kwenye ukuta wa darasa la tano kuna picha ya meno. Kiden aliichora. Kinywa cha mtu mzima anayecheka, kikubwa, kizuri, na kwa sababu kicheko kilikuwa kikubwa akapata nafasi ya kuongeza mawili. Meno thelathini na manne. Ameandika na hesabu chini, kwa rangi nyekundu. Nilimwambia wakati ule. Akasema huyu amefurahi sana.

Wataihesabu. Eyotaru ataihesabu, yule lazima ataihesabu. Halafu atasema ana rangi.

Nilisimama kituoni na jembe langu. Gari la Arua likaja, kondakta akaniita mara mbili, likaenda. Nilitazama njia ya kusini mpaka vumbi likatulia. Kaburi halihami. Kiden ataelewa, yeye kuliko watu wote ataelewa, maana ni kwa ajili yake. Nitakwenda wiki ijayo.

Huu mji una watu wa nchi tatu. Haiwezekani katika wote hao akosekane mmoja mwenye meno thelathini na manne. Nikimpata nitampeleka mbele ya kamati, afungue kinywa, na mambo yataishia hapo. Nimeanza sokoni, kwa wauza mihogo. Naenda polepole, na jembe begani, nikiwaomba wacheke.